Wanasesere Waliofichwa Jua

Mjomba alinipigia simu mwezi uliopita akaniambia kwamba nyumba ya ayeeyo pale mtaa wa Iftin, Garissa, inavunjwa ili wajenge vyumba vya kupangisha, na kama kuna kitu changu nije nichukue kabla ya Jumatatu. Hapakuwa na kitu changu. Nilikwenda hivyo hivyo. Nilitoka Hadado ninakofundisha, nikalala Wajir, kesho yake nikapanda basi la Garissa, na nilipofika mafundi walikuwa wameshang'oa mabati ya chumba cha nyuma. Nikasimama mlangoni. Sakafu ya chumba kile sikuwahi kuijua rangi yake. Nimelala humo utoto wangu wote, nimeifagia kila asubuhi, na sikujua kwamba saruji yake ina wekundu. Jua lilikuwa limejaa mpaka kwenye pembe zote nne. Fundi mmoja aliyekuwa juu ya ukuta akaniuliza, "Mama, hiki kilikuwa stoo?" Nikamwambia hapana, kilikuwa chumba cha dada yangu.

Basi kaa nikueleze. Ayeeyo, ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita nyanya, alitulea wawili: mimi na dada yangu aliyenizidi miaka mitatu. Mama yetu alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba alioa tena huko Mandera, akawa anapita na lori mara mbili kwa mwaka, anakaa uani anakunywa chai, anatuuliza tumefika wapi katika Kurani, kisha anaondoka. Dada alizaliwa na ualbino. Ngozi yake ilikuwa nyeupe yenye wekundu, nywele zake rangi ya nyasi kavu, na macho yake yalichezacheza bila kutulia, hasa penye mwanga. Hakuona mbali. Mtu akisimama hatua kumi alimjua kwa sauti au kwa mwendo. Watoto wa mtaani walimwita zeruzeru, wengine mzungu, na wanawake wazima waliokuja nyumbani walimshika mkono wakaugeuza huku na huku kama wanaoangalia ubora wa kitambaa.

Kama umewahi kukaa Garissa unajua jua la kule. Saa nne asubuhi mchanga unachoma kupitia ndala. Mbuzi wanajibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na punda wa mikokoteni ya maji wanasimama tu, wamefumba macho. Dada alipokuwa na miaka miwili alikaa uani nusu siku na ngozi ya uso wake ikatoka vipande. Ayeeyo hakujua kusoma, na wakati huo hakuna aliyemweleza lolote kuhusu ngozi ya namna ile. Alijifunza kwa kutazama. Wiki hiyo hiyo alimwita fundi akaziba dirisha la chumba cha nyuma kwa mawe na saruji. Mlangoni akatundika mapazia mawili, moja la nje zito la rangi ya kahawia, moja la ndani. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na herufi p ilimshinda maisha yake yote. "Funga bazia," alisema kila mtu alipoingia au kutoka. Hata akiongea nasi Kisomali, neno hilo alilitumia lile lile. "Nani ameacha bazia wazi?" Na karibu kila mara aliyeacha ni mimi.

Ndani ya chumba kulikuwa na harufu ya uunsi, ubani wetu wa vipande unaowekwa juu ya makaa, na harufu ya nguo za mitumba. Ayeeyo aliuza mitumba ya watoto sokoni. Marobota yalitoka Nairobi yamefungwa kwa mikanda ya plastiki, na lilipofika jipya lilifunguliwa chumbani kwetu, kwa sababu ndicho kilichokuwa na nafasi. Nguo zilizobanwa miezi zilifumuka kama unga uliotiwa hamira. Tulikaa chini kuzichambua kwa taa ya kandili mchana kweupe: sweta huku, suruali kule, zilizotoboka pembeni. Dada alizisogeza puani kabisa ili azione. Aliweza kutambua kitambaa kwa vidole vizuri kuliko ayeeyo mwenyewe.

Mara moja moja, katikati ya nguo, kilianguka kitu kisichohusika. Soksi moja. Kijiko. Siku moja alianguka mwanasesere. Alikuwa wa plastiki ngumu, uso mweupe, mashavu yamepakwa waridi, nywele za manjano za nailoni, macho ya buluu yanayojifumba ukimlaza. Dada alikuwa na miaka sita. Ayeeyo alimtazama mwanasesere, akamtazama dada, akasema, "Haya, sasa mko wawili."

Dada alimchukua kama anayekabidhiwa mtoto. Alimsogeza usoni mpaka pua zikagusana, akahesabu kope zake. Nadhani hapo ndipo alipoona kwa mara ya kwanza, kwa karibu na bila mtu kumkimbia, uso wenye rangi kama yake. Sisi wengine wote tulikuwa weusi.

Alimweka mlangoni, juu ya kirobota cha nguo, ili amwone kila anapoamka. Pale mapazia mawili yalipokutana na fremu ya mlango palikuwa na ufa mwembamba, na mwanga ulipita hapo asubuhi kwa muda mfupi tu, mstari usiozidi upana wa kidole. Baada ya miezi kadhaa dada alimchukua, akamsogeza machoni. Kisha akaniita nimwambie ninachoona. Niliona mstari. Kuanzia kwenye paji la uso mpaka kidevuni, upande mmoja ulikuwa umegeuka manjano, rangi ya samli iliyokaa, na gauni lake la buluu lilikuwa limepauka mahali pale pale, mpaka chini. Upande wa pili ulikuwa vile vile kama siku ya kwanza. Dada hakulia. Alipapasa ule mstari kwa kidole, akapapasa na shavu lake mwenyewe. "Hata yeye," alisema.

Tangu hapo alimtunza yeye, na waliomfuata, kwa namna ambayo hakuna mtu Iftin aliyewahi kumtunza mwanasesere. Wengine walikuja mmoja mmoja, mwaka huu mmoja, mwaka ujao watatu, mpaka wakafika kumi na mmoja. Mjomba, ambaye wakati huo alikuwa bado kijana, alimpa sanduku la mbao lenye kifuniko. Mwanzoni dada aliwafunga kwa magazeti, na mmoja akatoka na maandishi ya gazeti kwenye paja, yamegeuzwa kama kwenye kioo, wala hayakufutika. Akajaribu mifuko ya nailoni. Joto la Garissa likawafanya watoe jasho humo, ngozi zao zikanata kama peremende iliyolambwa. Mmoja alivaa gauni la damu ya mzee, na alipovuliwa kifua chake kilikuwa chekundu. Kila kosa lilimfundisha kitu. Mwishowe akaishia kwenye bafta nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofuliwa mara tatu ikaondoka wanga wake. Alimvua kila mwanasesere nguo zake, akamvingirisha peke yake, nguo zikakaa kifurushi kingine. Sanduku likakaa chini ya kitanda, mbali na ukuta wa magharibi uliopata moto jioni. Ayeeyo akifukiza uunsi, sanduku lilihamishwa kwanza chumba cha mbele, kwa sababu dada alisema moshi nao unageuza plastiki rangi. Na kabla ya kuwagusa alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kama anayetawadha.

Jirani yetu wa kushoto alikuwa nesi, Mpokomo kutoka ng'ambo ya Mto Tana, na sote tulimwita Mama Nesi. Yeye ndiye aliyetuletea bafta. Ndiye pia aliyekuja siku moja na kofia pana ya ukindu na kichupa cha mafuta ya kukinga jua alichokipata sijui wapi, akamfundisha ayeeyo kumpaka dada usoni, shingoni na nyuma ya masikio. "Nyuma ya masikio usisahau," alimwambia. "Hapo ndipo watu husahau." Mafuta yaliisha kwa mwezi mmoja. Hayakupatikana tena kwa miaka mingi.

Kulikuwa na wanawake waliosema kwamba sanamu ndani ya nyumba hazifai. Ayeeyo alikwenda kumuuliza maalim wa chuo chetu cha Kurani. Maalim alimsikiliza, akasema vitu vya kuchezea watoto havina neno, mradi visipangwe ukutani kama mapambo. Ayeeyo akarudi akasema, "Hata maalim anataka wakae sandukuni." Dada akacheka. Alikuwa na kicheko kikubwa, kisichofaa chumba kidogo kama kile.

Mimi je? Mimi nilikuwa nje. Alfajiri nilipanga foleni ya maji na madumu mawili, nikarudi nikapika anjera, tukala na samli na sukari, kisha nikatoa mbuzi. Baada ya shule nikaenda chuo, nikitoka chuo nikakusanya kuni. Na kila safari dada alipotaka kwenda mahali, baada ya Alasiri jua likilegea, ni mimi niliyemshika mkono, nimwambie hapa kuna shimo, hapa kuna kamba ya mbuzi. Nilikuwa mtoto wa jua, yeye wa kivuli, na ayeeyo aliyepanga hivyo hakukosea. Lakini nilikuwa na miaka tisa.

Ilikuwa kiangazi, mwezi ambao hata mto unaonekana umechoka. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye foleni ya maji tangu gizani, na zamu yangu ilipokaribia mfereji ukakauka. Nilirudi na madumu matupu. Nyayo zangu zilikuwa zimechomeka. Niliingia chumbani kwenye ubaridi ule, na dada alikuwa amewatandaza wanasesere wote juu ya mkeka, anawabadilishia bafta. Walikuwa wazuri. Kandili iliwaangaza mashavu. Nikainama nimshike mmoja.

"Usiguse, abaayo," akasema. Abaayo ni dada kwa Kisomali, na alilisema kwa upole. "Mikono yako ina jasho."

Nilirudisha mkono. Nilikunywa maji ya mwisho ya mtungini, na niliyanywa yote makusudi.

Kesho yake ayeeyo akaenda sokoni mapema. Mchana dada alilala, kwa sababu mchana hakuwa na jambo lingine la kufanya. Nililivuta sanduku taratibu, nikawatoa sita, nikawafungua bafta. Nyuma ya banda la mbuzi palikuwa na bati bovu limelazwa juu ya mawe. Niliwalaza hapo, mmoja baada ya mwingine, uchi, nyuso juu. Macho ya yule wa kwanza yalijifumba yenyewe. Nilifikiri nitawaacha kidogo tu. Nilikwenda chuo.

Sikuwasahau. Ningependa kusema niliwasahau. Nilikaa mbele ya ubao wangu wa Kurani nikisoma kwa sauti pamoja na wengine na kila dakika nilijua wako wapi.

Dada aliamka akaona sanduku liko wazi. Alitoka uani bila kofia, bila mtandio wake mzito, amevaa gauni la kulalia la mikono mifupi. Watoto wa jirani walikuwa wakicheza penye mlango, akawauliza. Mmoja wao, kwa mzaha, akamwambia kuna wavulana wamepita na doli, wanaelekea mnada wa mifugo. Akawafuata. Yeye ambaye hakuwahi kuvuka barabara bila mkono wangu, alitembea saa saba ya mchana mpaka mnadani, macho yamefumbwa nusu kwa mwanga, akiuliza kila sauti aliyoisikia. Watu walicheka. Wengine walimpisha kwa hofu. Alipopotea kabisa alisimama katikati ya uwanja wa ng'ombe, ameweka viganja machoni, akabaki amesimama.

Mzee mmoja wa mkokoteni wa maji alimwona. Alimpandisha juu ya mapipa, akavua kikoi alichokuwa amejifunga kichwani akamfunika. Alizunguka Iftin nzima akiuliza, "Mtoto huyu ni wa nyumba gani?" mpaka ilipokaribia Alasiri.

Mimi nilirudi kabla yao. Nilipoona kitanda kitupu nilikimbilia nyuma ya banda. Wanasesere walikuwa wa moto kiasi cha kutoshikika. Niliwabeba kwa sketi yangu, nikawavingirisha bafta, nikawapanga sandukuni kwa utaratibu wao ule ule, nikalisukuma chini ya kitanda. Nikakaa juu ya mkeka. Kisha nikasikia magurudumu.

Sitaeleza sana hali ya mabega yake. Jioni ile yalikuwa mekundu, usiku yakafura malengelenge, na kesho yake malengelenge yakapasuka. Midomo ilivimba asiweze kunywa ila kwa kijiko. Mama Nesi alikuja mara mbili kwa siku, akamwosha, akampaka dawa ya mtu aliyeungua, kwa sababu alisema huku ni kuungua, hakuna tofauti na moto. Ayeeyo alikaa kando ya kitanda akimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Hakulala siku tatu. Siku ya nne akauliza.

"Nani alitoa doli?"

"Mimi nilikuwa chuo," nikasema.

Ayeeyo alivuta sanduku, akalifungua. Wote kumi na mmoja walikuwamo. Akanitazama, akamtazama dada. Na dada, kwa ile midomo iliyopasuka, akasema, "Walikuwemo, ayeeyo. Labda sikuangalia vizuri. Unajua macho yangu."

Ayeeyo aliamini. Aliamini kwa sababu macho yale kweli hayakuona, na kwa sababu hakuweza kufikiria jambo jingine ndani ya nyumba yake. Alilia kwa mara ya kwanza mbele yetu, akisema kosa ni lake, kumwachia mtoto asiyeona nyumba peke yake. Tangu siku ile hakwenda tena sokoni kila siku. Alikwenda siku mbili kwa wiki, na mwaka ule tulikula ugali na chai.

Dada alipona, kama watu wanavyosema. Ngozi ilirudi, yenye madoa ya kahawia kama maji yaliyorushwa. Tulikua. Mimi nilisoma, nikapata chuo cha ualimu, nikapangiwa Bute kwanza, baadaye Hadado. Yeye alikuwa ameacha shule darasa la sita, kabla ya siku ile ya jua, kwa sababu hakuuona ubao na hakuna aliyemsogeza mbele. Alirithi meza ya ayeeyo sokoni, chini ya turubai mbili alizozishona pamoja. Wateja walimpenda, kwa sababu hakuwadanganya kuhusu kitambaa. Nikija likizo nilikuta sanduku liko mahali pake, bafta zimefuliwa. Ayeeyo alifariki katika mfungo wa Ramadhani, kimya kimya, na dada akabaki peke yake katika nyumba ile na mapazia yale.

Kidonda kilianza nyuma ya sikio la kulia. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, akadhani ni kuumwa na mdudu. Aliniambia kwa simu baada ya mwaka, kwa sauti ya mtu anayekueleza habari za mvua. Nilipomwona, nilijua bila kuwa daktari. Tulipelekwa Nairobi, akakatwa, akachomwa mionzi, akarudi, kikarudi. Mara ya pili daktari alituita wote wawili. Alikuwa kijana mpole, akavuta kiti chake akakaa karibu nasi. Nilimuuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu nikiwa na miaka tisa. Nilimuuliza kama siku moja ya jua kali, utotoni, inaweza kuleta jambo kama hili.

"Si siku moja," akasema. "Ni jua la miaka yote, linajikusanya."

"Lakini siku moja nayo inaingia humo."

Alinitazama. "Kila siku inaingia humo," akasema.

Alasiri hiyo wodini, dada akiwa amegeukia ukuta kwa sababu ya dirisha, nilimwambia. Nilimwambia kila kitu: madumu matupu, jasho la mikono, bati.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile usiku. Watatu walikuwa na alama za bati mgongoni. Mikunjo, mikunjo. Nilizipapasa." Akapumzika kidogo, kwa maana kusema kulimchosha. "Na uliwapanga vizuri. Nani angewaiba kisha awarudishe mahali pake?"

"Mbona hukusema?"

"Ayeeyo angekuua."

"Si kweli."

"Si kweli," akakubali. "Nilikuchukia, abaayo. Miaka miwili nilikuchukia kabisa. Lakini kila jioni nilihitaji mtu wa kunishika mkono, na mwingine sikuwa naye. Huwezi kumchukia mtu na umemshika mkono kila siku. Inachosha." Kisha akaniuliza, bila kugeuka, "Ulitaka nini?"

Nikamwambia kwamba nilitaka wawe kama mimi.

Alinyoosha mkono nyuma yake, ukapapasa shuka mpaka ukapata wangu. Tulikaa hivyo hadi nesi alipokuja kubadilisha bandeji. Sikusamehewa kwa maneno siku ile, wala siku nyingine, na sikuomba zaidi.

Alifariki Garissa, nyumbani, wiki tatu baadaye, asubuhi, pazia limefungwa. Mama Nesi alikuwa amekwisha kustaafu akarudi kwao, lakini alivuka mto akaja. Kwetu wanawake humwosha mwanamke mwenzao, na nilikuwa mmoja wa wanne tuliomwosha dada yangu. Nilikuwa sijamwona bila nguo tangu tukiwa watoto. Uso, shingo na mikono nilivijua, ngozi iliyokauka ikajaa makunyanzi na vidonda kama ya bibi wa miaka tisini. Mabega nayo yalikuwa na yale madoa, na niliyamiminia maji polepole kuliko sehemu nyingine. Tulipomgeuza nikaona mgongo chini ya mabega, nikaona mapaja. Ngozi ilikuwa nyororo, nyeupe, haina hata alama moja, ngozi ya mtoto wa miaka miwili. Kazi yote ya ayeeyo ilikuwa pale. Mawe ya dirishani, mapazia, jioni zote tulizosubiri jua lishuke. Mwanamke aliyekuwa akinimiminia maji alisimama na kata mkononi, akasema taratibu, "Subhanallah."

Tulimzika kabla ya Adhuhuri.

Wanasesere wako kwangu Hadado, ndani ya kabati la nyumba ya walimu. Nafuata utaratibu wake wote. Bafta nafua, nguo zao zimekaa peke yake, uunsi sifukizi tena ndani. Na bado wanageuka manjano. Nilimwandikia mwalimu mmoja wa sayansi ninayemfahamu, akanieleza kwamba plastiki ya zamani huharibika yenyewe hata gizani, kwamba mwanga huharakisha tu. Sijui kama dada alilijua hilo. Labda alilijua, kwa vile alikuwa akiwapapasa kila wiki. Nywele zinakatika nikizigusa. Mmoja mkono wake umefunguka kwenye bega, na ndani ya mwili wake hamna kitu.

Alikuwa amewapa majina, kila mmoja lake, na aliwaita kwa majina hayo akiwavingirisha, kwa sauti ya chini, kabla ya kufunga kifuniko. Nakumbuka saba. Nimejaribu mara nyingi, nikiwa darasani watoto wanaandika, nikiwa njiani. Nakumbuka saba tu. Mama Nesi hakuyajua kamwe, mjomba ndiyo kwanza asikie kwamba walikuwa na majina, ayeeyo hayupo. Wanne waliobaki nawafunga bafta bila kusema chochote.